Pembe ya ng'ombe si kucha

Wengi huamini kuwa pembe ni kitu kisicho na uhai, kwa hiyo kuiondoa hakumpunguzii ng'ombe chochote. Kinachofanana na kucha ni ganda la nje tu, la keratini. Ndani yake kuna mfupa hai, wenye damu na mishipa ya fahamu, na ng'ombe anapokomaa uwazi ulio nyuma ya paji la uso hupanuka hadi ndani ya mfupa huo. Kumkata pembe ng'ombe mzima ni kulifungua fuvu lenyewe. Pembe pia husaidia kupoza mwili.

Je, ng'ombe mwenye pembe ni mkali zaidi? La, ukali hutokana na tabia na malezi. Kweli, pembe huzidisha jeraha, hasa kwenye zizi finyu. Dawa yake ya kwanza ni nafasi.

Kwa ng'ombe wadogo wa asili, kama Dexter wa Ireland, kuna hoja nzito zaidi ya kubaki na pembe, nayo huzungumzwa kidogo. Jeni (chembe ya urithi) ya kukosa pembe ina nguvu: ndama akiirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haoti pembe. Wafugaji wakiwakimbilia madume wachache wasio na pembe, koo nyingine za aina hiyo ya ng'ombe hupotea kimyakimya.