"Waoga Nyinyi": Maneno Tunayowatupia Wanaohofia Usalama Malindi

Mpwa wangu hufunga duka la dawa saa tatu usiku, hapa Malindi, kisha hurudi kwao mtaa wa Barani. Kabla hajatoka huvua bangili, pesa akazifunga kwenye pindo la leso, simu akaizima mlio na kuificha ndani ya buibui. Juzi alisema mbele ya watu wazima, nyumbani, kwamba akiogopa sana ni kile kipande cha njia baada ya msikiti. Walimcheka. Kicheko kile kiliniuma, na maneno yaliyofuata nayasikia barazani kila siku.

"Mji ungekuwa mbaya, kituoni kungejaa ripoti"

Daftari la polisi huonyesha kilichoandikwa tu. Mwaka jana mpwa wangu huyuhuyu aliporwa simu na vijana wawili wa bodaboda. Kwenye kaunta ya kituo kimoja akashauriwa aandikishe kuwa imepotea, mambo yaishe upesi, maana alichokuwa akikihitaji ni karatasi ya kurudishia laini. Akaandika "imepotea". Kwa mujibu wa daftari, usiku ule hakuna aliyeporwa.

Aliyepigwa ana safari ndefu zaidi: namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, daktari wa kuijaza, na siku nzima bila kibarua. Aliyepigwa na mtu wa nyumbani mara nyingi haianzi safari hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Waulizeni wa kwenu ni wangapi waliowahi kusimama mbele ya kaunta ile. Halafu mtu akishachekwa na jamaa zake, atapata wapi moyo wa kwenda kuwaeleza wageni?

"Ni uvumi wa watu wasio na kazi"

Watu wa Malindi, hili tusilitamke tena. Kabla ya Aprili 2023 ndugu wa waliopotelea msitu wa Shakahola, ambako waumini wa kanisa moja walifunga kula hadi kufa, walikuwa wameshapiga mbiu. Kiongozi wa kanisa lile alikamatwa Machi, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili ikaletwa kwenye mochari ya hospitali yetu hadi hesabu ikapita 400. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, katika ripoti yake ya 2024, ilisema wazi kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walipuuza taarifa walizopewa. Waliopeleka taarifa zile walikuwa watu wenye hofu, basi.

"Mnawafukuza watalii"

Mei 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu Mombasa na watalii wakarudishwa kwao kwa ndege, kilichotangulia ni mabomu. Hakuna mama aliyefunga hoteli kwa kulalamikia kichochoro.

"Anayewaogopa mateja hana huruma"

Hili linanigusa, kwa sababu vijana wale wa unga, yaani heroini, ni wetu. Tumesoma nao chuoni, mama zao twawaamkia kila asubuhi. Lakini mwenye arosto ya kukosa unga, mwili ukimuuma na pua ikimchuruzika, hachagui wa kumpora, na anayekutana naye gizani ana haki ya kuogopa. Mji huu ulishaonyesha kwamba hofu na huruma hukaa pamoja. Omari Project, shirika la kuwasaidia waraibu, ilianza hapahapa mwaka 1995 kwa sababu kuna waliokubali kusema kwamba unga umeingia majumbani. Tangu 2015 kuna kliniki Malindi ya methadoni, dawa ya kuwatibu walionaswa na unga. Mgonjwa hunywa dozi yake mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, ikamtuliza karibu saa 24, asilazimike kuitafuta pesa ya unga kwa njia yoyote. Wangeendelea kusema "hakuna shida, hao ni watoto wetu", dawa ile ingeletewa nani?

"Na taa itasaidia nini?"

Inasaidia. Mwaka 2016 huko New York waliweka taa kali za muda kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakayalinganisha na yasiyopewa. Uhalifu mkubwa wa usiku nje ya nyumba ulipungua kwa karibu asilimia 36. Malindi si New York, lakini giza ni giza. Tena ili uweke taa lazima kwanza ujue pa kuiweka, na anayejua ni yule anayepapita akitetemeka.

Nilimwomba mpwa wangu anipeleke, saa tatu hiyohiyo. Baada ya msikiti nilihesabu nguzo tatu, na taa hazikuwaka hata moja. Chini ya nguzo ya kati vigae vya kioo vilikuwa vikilia chini ya viatu vyetu. "Ni hapa, Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, akaharakisha hatua. Na mimi nikaharakisha.