Pothosi Inayougua: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Majani yakigeuka manjano, inataka maji."
Pothosi ni ua la nyumbani lenye shina refu linalotambaa, na dhana hii ndiyo huua nyingi Nairobi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, siku za baridi na mawingu ambapo udongo wa chunguni hukawia kukauka. Mizizi iliyozama majini hukosa hewa ikaoza, na mizizi iliyooza hainywi. Kwa hiyo majani hulegea vilevile kana kwamba mmea una kiu, na mwenyewe anaongeza kikombe kingine! Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Ukikuta unyevu, wacha.

Ukishuku kuoza, ung'oe uutazame. Mzizi mzima ni mweupe na imara. Uliooza ni wa kahawia, una harufu, na ukiuvuta ganda lake hubaki mkononi. Kata yote iliyooza, kisha panda upya kwenye udongo uliochanganywa na pumisi, yale mawe mepesi ya volkeno, maana udongo wetu mwekundu ukiwa peke yake chunguni hushikamana kama tofali. Jani moja la chini likigeuka manjano, huo ni uzee tu.

"Tia kokoto chini, maji yashuke."
Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Umepandisha tope karibu na mizizi, basi. Toboa chungu.

"Dirisha la kusini ndilo lenye jua kali."
Ulaya, ndiyo. Nairobi iko takriban digrii 1 tu kusini mwa ikweta: Juni jua huelemea kaskazini, Desemba kusini. Hapa madirisha ya kuangaliwa ni ya mashariki na magharibi. Jua la saa tisa alasiri huacha mabaka makavu kwenye majani. Pazia jepesi latosha.

"Shina refu lenye majani machache linataka mbolea."
Linataka mwanga. Kwenye ploti ambako jengo la jirani limeziba dirisha, sogeza chungu karibu na kioo, ukate shina juu kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapotokea kwenye shina. Kipande ulichokata kiweke majini, lakini kiwe na kifundo: jani tupu huweza kutoa mizizi lisichipue kamwe.

"Pangusa majani kwa maziwa yang'ae."
Kitambaa chenye maji kinatosha, na hakinuki.

"Ni ua tu, halina madhara."
Utomvu wake una fuwele za kalsiamu oksaleti zinazochoma mdomo na koo. Penye mtoto anayetambaa au paka, utundike juu na upunguze matawi yanayofika sakafuni.