Kujikubali siyo "ndo nilivyo, niacheni"

Juzi tena nimemsikia kijana kijiweni, macho yanasinzia, shangazi yake anambembeleza waende kliniki, anajibu "anti mimi nimeshajikubali, mimi ni teja, niacheni". Wiki hiyohiyo mwingine ananiambia fulani hawezi kuacha unga kwa sababu "anajikubali sana", yaani anajiona. Neno linavutwa huku na huku na kote siko.

Kujikubali, kwa mtu anayetoka kwenye uraibu, ni kujipokea mzimamzima, na ugonjwa wako na uliyoyafanya, bila kujificha na bila kujichukia, ili upate pa kuanzia. Basi.

Sasa neno lenyewe. Kubali limetoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na kibla, na mkabala, na ile takabali tunayoisema kwenye dua. Yasikilize hayo maneno, yote yana kuelekea na kupokea ndani yake: kibla ni upande unaouelekea, nyumba iliyo mkabala na yako ni ile mnayotazamana mlango kwa mlango, dua iliyotakabaliwa imepokelewa. Ukitia ile -ji- unapata mtu aliyegeuka akajitazama usoni, akajipokea. Kujisifu hakumo humo, kukata tamaa ndo kabisa. Anayesema niacheni bado amejipa mgongo.

Na siyo kukiri pia, hapa hata watu wa soba hausi, zile nyumba za kuachia uraibu, huwa wanachanganya. Hatua ya kwanza kati ya zile 12 za Narcotics Anonymous, chama cha waraibu wanaosaidiana kuacha, ni kukiri kwamba uraibu umekushinda nguvu, na hilo unaweza kulitamka siku ya kwanza tu, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inakutafuna mifupa. Ya nne ndo inakutaka ukae ujichunguze bila woga, uandike. Kaka yangu alikaa na daftari wiki nzima, ukurasa una mstari mmoja, "redio ya mama". Aliiuza kwa hela ya kete mbili. Uraibu alishaukiri miezi kibao nyuma, ila ile redio ilimtoa jasho, na alipoiandika ndo akapata miguu ya kwenda kukaa na mama jikoni wakaongea.

Siku hizi kila asubuhi anakunywa methadoni yake dirishani kliniki, nesi anamtazama mpaka ameze, ile dawa ya kutibu uraibu wa unga ambayo Muhimbili walianza kuitoa 2011, na mtaani bado wapo wanaomwambia hujaacha wewe, umehama dawa tu. Anafuta mdomo anawahi daladala ya kazini. Mwili wake anaujua.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kijiweni, sikugombezi. Ulichomwambia anti siku ile kinaitwa kujikatia tamaa. Ungekuwa umejikubali ungemwambia, "anti, naumwa, ngoja nivae ndala twende".