Dispraksia: mtoto anaposemwa mzembe kwa sababu ya mikono yake

Wazazi wanaofika kliniki kwangu karibu wote hawalijui neno dispraksia. Wanakuja na maneno ya shule: mwandiko hausomeki, kazi ya ubaoni haimaliziki, vifungo vya shati vimepishana, chakula kimemwagikia sare. "Mwalimu anasema ni uvivu." Wengine wameshanunua vitamini za kila aina, na wapo waliomlazimisha mtoto aache mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto hauhusiki. Mwacheni nao.

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hospitalini utasikia tunaitwa OT, kifupi cha Kiingereza cha kazi hiyo (occupational therapist). Mtoto mwenye dispraksia ana misuli yenye nguvu na mara nyingi akili nzuri tu. Kinachomshinda ni kupanga mwendo: ubongo kukadiria mkono utafika wapi, kisha kuurekebisha ukiwa bado njiani. Wenzake wakishafunga kifungo siku kadhaa, vidole vinazoea na akili inahamia kwingine. Yeye anakifunga kila asubuhi kama mgeni wa kifungo. Ndiyo maana anachoka mapema, na ndiyo maana jana aliweza na leo hawezi. Hilo la jana na leo ndilo linalomponza, kwa sababu mwalimu akishaona ameweza mara moja, anaamini kwamba siku nyingine anakataa makusudi, na fimbo inafuata.

Makadirio yanayotumika sana ni asilimia 5 hadi 6 ya watoto wa umri wa shule. Katika darasa la watoto 60, hao ni kama watatu. Wavulana hugundulika zaidi, na watoto njiti wako kwenye hatari kubwa kuliko waliotimiza miezi. Wengi wana pia shida ya kutulia na kuzingatia, au ya kusoma, kwa hiyo ukiona moja, tafuta na nyingine.

Hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha, wala picha ya ubongo inayoionyesha. Tafadhali usiuze mbuzi ili ulipie MRI kwa ajili ya mwandiko mbaya peke yake. Tunamtazama mtoto akidaka mpira, akisimama kwa mguu mmoja, akitunga shanga, akiandika. Vipo vipimo maalumu vyenye alama kwa kila umri, lakini vingi vilitengenezwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani, nami huvisoma kwa tahadhari. Mtoto ambaye hajawahi kushika mkasi atashindwa mkasi, na huo si ugonjwa. Kwa hiyo nauliza mambo ya nyumbani: rede anacheza? Kamba anaruka? Akichota maji, ndoo inafika na kiasi gani? Chini ya miaka 5 huwa siharakishi kulitaja jina, kwa sababu watoto wadogo hupishana sana katika kukua.

Hapa niwe mkali kidogo. Kama mtoto alikuwa anaweza jambo na sasa hawezi tena, hiyo si dispraksia. Kama anapoinuka sakafuni anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja, au vigimbi vyake vimekuwa vikubwa isivyo kawaida, au upande mmoja wa mwili ni dhaifu, au anapata degedege, muone daktari wa watoto kwanza. Na macho yapimwe.

Sasa tiba. Dawa ya dispraksia haipo. Kuna mazoezi mengi yanayouzwa kwa wazazi, ya kukanda mwili, ya kubembea, ya kukalia mpira mkubwa. Mtoto hufurahia, lakini ustadi wa kukalia mpira hauhamii kwenye kalamu. Miongozo ya kitaalamu ya sasa inaelekeza kumfundisha jambo lenyewe analolihitaji. Njia ninayoipenda ilianzia Kanada, na ina hatua nne: lengo, mpango, tenda, kagua. Tuseme anataka kufunga kamba za viatu. Lengo analichagua yeye, si mama. Namuuliza, "Utafanyaje?" Anajaribu, kitanzi kinafumuka. Simwambii kosa, namuuliza kimefumukia wapi. Mpango atakaoubuni mwenyewe, hata ukiwa wa ajabu, ataukumbuka kuliko wangu. Kwa mdogo zaidi huwa tunaanzia mwisho: mzazi anafunga vifungo vyote, anamwachia kimoja cha chini. Kikizoeleka, anamwachia viwili. Dakika kumi kila jioni zinafaa kuliko saa nzima Jumamosi moja.

Shuleni, kunakili ubaoni ndiko kunakomtesha zaidi. Akae mbele. Apewe maelezo yaliyokwisha kuandikwa, au anakili nusu. Aandike kwenye daftari la hesabu lenye vyumba, neno moja likitenganishwa na jingine kwa chumba kitupu. Apimwe kwa mdomo pale mwalimu anapotaka kujua kama ameelewa historia, maana hapo mwandiko si somo. Kwa mitihani ya taifa, mzazi amuulize mwalimu mkuu mapema kuhusu utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, akiwa na ripoti ya mtaalamu mkononi.

Kumpata OT ni kazi, hilo nalikubali. Tanzania tuko wachache. Moshi, hospitali ya KCMC, kuna chuo kinachotufundisha na kliniki pia. Dar es Salaam, anzia hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT. Kenya, vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu, EARC, viko kwenye kaunti nyingi. Mikoani, uliza idara ya utengamao katika hospitali ya rufaa hata kama kibao mlangoni kinasema fiziotherapia tu.

Ukija, njoo na daftari lake la wiki hiyo, lisilosafishwa wala kunakiliwa upya, na video fupi ya simu akivaa sare asubuhi bila kusaidiwa.