Si stenlesi inayounguza wali

Mtu akiacha sufuria za alumini alizopikia miaka nenda rudi, akanunua ya stenlesi, wali wa kwanza ukiungua husema: "Stenlesi haifai, inashika." Hapana, tatizo ni kitako. Stenlesi hupitisha joto kwa shida, zaidi ya mara 10 chini ya alumini. Kitako kikiwa chembamba, joto hubaki palepale moto unapogusa, na ukoko hujichora duara la jiko. Ndiyo maana sufuria nzuri hutiwa tabaka nene la alumini kitakoni. Igeuze dukani, ipime uzito mkononi, mng'ao usikudanganye. Ukikaanga, ipashe kwanza, dondosha tone la maji. Likiteleza kama gololi, tia mafuta, kisha samaki, na usimguse mpaka aachie mwenyewe.