Farasi wa Chumvi: Ugonjwa Uliopanga Bei na Ramani ya Ufugaji Kusini mwa Afrika

Kwenye mashamba ya Makaburu wa karne ya 19, farasi wawili wa umri mmoja na mwendo mmoja waliweza kuuzwa kwa bei zilizopishana mara kadhaa. Kilichowatofautisha hakikuonekana kwenye meno wala kwato. Mmoja alikuwa "ametiwa chumvi", yaani aliwahi kuugua ugonjwa wa farasi akapona. Mwenzake bado. Huyo wa kwanza mtu alimnunua kwa bei kubwa akiamini kwamba masika yajayo hayatamchukua.

Ugonjwa huo ungalipo. Sisi wa tiba ya mifugo tunauita ugonjwa wa farasi wa Afrika, na hauna dawa hadi leo. Naona njia nzuri ya kuuelewa ni kuwafuata wafugaji wa Rasi ya Tumaini Jema, ambao kwa muda wa karne mbili walifuga, wakauza na kuzika farasi bila kujua nini kinawaua.

Kabla ya Waholanzi kuweka kituo chao Rasi mwaka 1652, Wakhoikhoi wa huko walikuwa na ng'ombe na kondoo, lakini hawakuwa na farasi. Mwaka 1653 Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyomiliki kituo hicho, ikaleta farasi wadogo kutoka Java, na baadaye damu nyingine ikaongezwa. Katika shamba, maksai ndio waliovuta magari mazito. Farasi alikuwa miguu ya mkulima: kuzungukia kondoo, kwenda mnadani, kusafiri siku nzima hadi kanisani. Waliomlisha, kumsugua na kumfundisha tandiko mara nyingi walikuwa watumwa na vibarua wa Kikhoikhoi. Utumwa ulifutwa rasmi mwaka 1834, lakini walioitwa huru walilazimishwa kubaki kwa mabwana wao hadi 1838. Historia ya farasi wa Rasi imehifadhi majina ya magavana. Ya wale waliolala bandani na farasi wagonjwa haikuyahifadhi, nami nasikitika kwa hilo, kwa sababu wao ndio waliouona ugonjwa kwa karibu.

Mwaka 1719 mlipuko uliua farasi wapatao 1,700. Ufugaji haukufa. Mwaka 1769 farasi wa Rasi walianza kupelekwa Madras, na tangu hapo jeshi la Waingereza kule India likawa mteja mkubwa. Lord Charles Somerset, gavana kuanzia 1814 hadi 1826 na mpenzi mkubwa wa mbio, aliagiza madume ya mbegu kutoka Uingereza. Maasi ya India yalipozuka mwaka 1857, gavana Sir George Grey alipeleka farasi wengi huko. Mkulima wa bara kavu la Karoo akawa anazalisha farasi kwa ajili ya vita vya ng'ambo ya bahari.

Lakini aliyeamua farasi wazaliwe wapi hakuwa gavana. Ugonjwa huja mwishoni mwa majira yao ya joto, hasa mwaka wa mvua nyingi, na hukoma usiku wa kwanza wa jalidi, umande unapoganda majanini. Wakulima waliliona hilo. Waliona pia kwamba nyanda za juu zenye baridi, kama Hantam na Roggeveld, huponea. Hizo ndizo zikajulikana kwa ufugaji wa farasi, na wa mabondeni waliokuwa na uwezo walipandisha wanyama wao huko kabla msimu haujafika. Waliobaki chini walifuata kanuni moja: farasi aingie bandani jua halijazama, asitoke hadi umande ukauke. Waliamini kwamba sumu imo kwenye umande.

Hawakupatia sababu, ila kanuni yao ilikuwa sahihi. Anayeambukiza ni kisubi, yule mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye huuma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri na hushindwa na baridi. Hilo lilithibitishwa na mtafiti R. M. du Toit mwaka 1944.

Kosa lao la umande halikumdhuru mtu. Zamani kabla yao, kosa la namna hiyo liliua watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1570 msafara wa Wareno chini ya Francisco Barreto ulipiga kambi Sena, kando ya mto Zambezi. Farasi wao walipoanza kufa, wafanyabiashara Waislamu wa hapo, watu wa ulimwengu wa Waswahili, walishtakiwa kwamba wamewawekea sumu, wakauawa. Bonde lile ni makao ya mbung'o na visubi, na wadudu hao huua farasi bila tone la sumu.

Kipigo kikubwa kwa Rasi kilikuja 1854 na 1855: farasi karibu 70,000 walikufa, zaidi ya asilimia 40 ya waliokuwepo. Kwa hasara kama hiyo, haishangazi kwamba farasi wa chumvi aligombewa.

Wakati huo farasi walikuwa wameshapanda milimani kwa Wasotho. Watu wa mfalme wao Moshoeshoe waliwapata kwa uvamizi, kwa ujira wa kazi mashambani mwa wazungu, na kwa kuuza nafaka, maana nchi yao ililisha majirani. Baridi ya milima iliwafaa, na wakapata farasi mdogo, mgumu, mwenye kwato imara, ambaye Waingereza walimnunua kwa maelfu wakati wa vita vyao na Makaburu vya 1899 hadi 1902. Katika vita hivyo jeshi la Waingereza lilipoteza zaidi ya farasi 300,000, kwa njaa, uchovu, risasi na maradhi.

Je, farasi wa chumvi alikuwa salama kweli? Kwa sehemu tu. Mwaka 1900 daktari wa mifugo John M'Fadyean alionyesha kwamba chanzo ni kirusi, na utafiti ulioendelea Afrika Kusini, kwenye maabara ya Onderstepoort iliyoanzishwa na Arnold Theiler mwaka 1908, ukadhihirisha kwamba aina zake ni nyingi. Leo tunazijua tisa. Aliyepona aina moja aweza kuuawa na nyingine. Mnunuzi alilipa bei ya kinga kamili, akaenda nyumbani na nusu yake.

Kwetu Afrika Mashariki kirusi kipo pia, na punda milia hukibeba bila kuonyesha dalili. Mwaka 2020 kilifika Thailand na kuua mamia ya farasi. Mwenye farasi achanje kabla ya mvua, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na afunge banda kabla ya machweo akiweka wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha mbu. Farasi akipata homa, akivimba mashimo ya juu ya macho au akitoa mapovu puani, mzuie bandani na toa taarifa siku hiyo hiyo.