Kwa Nini Tausi wa Kongo Hana Mkia Mrefu?

Anayelima kwenye miteremko ya kandokando ya Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huenda amekwisha kumwona fumbwe bila kulijua jina lake: ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, ambaye dume lake, msimu wa kuzaliana ukifika, huota mkia mweusi mrefu kupita mwili wake, akawa anarukaruka hewani juu ya jike anayedonoa mbegu. Upepo wa ziwa ukivuma, mkia huo humyumbisha kama kishada. Msimu ukiisha, manyoya hayo hupukutika, na dume hubaki na rangi ya kahawia yenye michirizi, akifanana na jike. Mkia huo ungekuwa wa kumsaidia kuruka, asingeuacha.

Basi ni wa nini? Mwaka 1860 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alimwandikia rafiki yake kwamba akiutazama unyoya wa tausi alichefukwa, kwa maana nadharia yake ya uteuzi wa asili, yaani kwamba viumbe wenye sifa za kuwasaidia kuishi ndio huacha watoto wengi, haikueleza mzigo wa namna hiyo. Mwaka 1871 alitoa jibu kwa kirefu: jike huchagua. Dume anayempendeza huacha watoto wengi. Wataalamu wa baadaye waliongeza kwamba wa kiume hurithi mkia wa baba na wa kike hurithi upendeleo wa mama, hivyo mkia huzidi kurefuka kizazi baada ya kizazi, mpaka hasara yake iizidi faida.

Jambo hili limepimwa. Mswidi Malte Andersson, katika jaribio alilolichapisha mwaka 1982, aliwaendea huko Kenya ndege weusi wenye mkia wa takriban nusu mita, akawakata baadhi ya madume mikia na kuwaongezea wengine vipande kwa gundi. Waliorefushiwa walipata viota vipya vingi zaidi katika maeneo yao. Kama jike hupenda uzuri wenyewe au huusoma kama cheti cha afya, wataalamu wangali wanabishana. Kwangu, gundi ile imethibitisha angalau kwamba macho ya jike yana nguvu.

Ila nguvu hiyo haifanyi kazi sawasawa kila mahali. Tausi wa Kongo, ambaye kwa asili haishi katika nchi nyingine yoyote na hupatikana pia katika misitu ya chini ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, ana buluu na kijani ya kumeta, lakini mkia wake ni mfupi. (Mtaalamu wa ndege Mmarekani James Chapin aliuona unyoya wake kwenye kofia huko Ituri mwaka 1913, na hadi 1936 ndipo akamtambua mwenyewe.) Dume la tausi wa India hupanda majike kadhaa na kuwaachia malezi yote, ilhali wa Kongo hukaa na jike mmoja na kusaidia kulea vifaranga. Asiyetafuta jike wa pili ana sababu gani ya kuburuta mkia mzito vichakani? Fumbwe, kwa upande wake, hana kifaranga wa kulisha hata mmoja, kwa kuwa jike lake hutaga katika viota vya ndege wengine. Msimu mzima ni wa kucheza.